Kiti cha Mkamwana

"Elfu nne sina, Nelson. Jana elfu tatu, leo elfu nne, na kiti chenyewe kimechanika, kinanilowesha mpaka ndani."

Kisa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kikapu cha chakula mkononi, kanga kichwani, mvua ya Aprili ikimwagika kwenye bati kama mtu anamwaga mpunga. Nelson hakushuka hata kwenye pikipiki. Alijibu kwamba barabara ya kwenda Kyela mjini imekuwa tope tupu, mafuta yanakwenda mara mbili, na tena, kabla hajasahau, elfu sita za wiki iliyopita bado hajaziona.

"Jumamosi nitakupa."

"Jumamosi iliyopita ulisema Jumamosi," Nelson alisema. "Mama Tumaini, mimi nina watoto wawili. Nao wananiamkia kwa njaa, hawaniamkii kwa salamu."

Kisa akampa zile elfu nne. Alizitoa kwenye pesa ya unga, akazihesabu taratibu ili zimuume Nelson kama zilivyomuuma yeye, ila Nelson hakuumia. Walipofika mjini akamwambia bila kugeuka kwamba kesho asimtegemee mpaka deni liishe.

Na siku hiyo Kisa alichelewa. Kazi yake ilikuwa kuchambua mchele kwenye mashine ya Mwasiti: wanawake kumi wameketi kwenye mikeka, ungo magotini, wanatoa chuya na mawe ili mchele uende sokoni ukiwa unang'aa. Geti lilifungwa saa moja kamili. Mwasiti hakuwa mtu wa kelele. Baba yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, akamwachia duka, mashine na ulimi mtulivu usiorudia neno.

"Hii ni mara ya pili, Kisa. Ya tatu mkeka wako anakaa Veronika. Ameshakuja kuuliza."

Kisa alijitetea. Alisema malipo ni elfu saba kwa siku, asubuhi bodaboda inakula elfu nne, jioni bajaji inakula elfu moja na mia tano, sasa yeye anafanya kazi kwa ajili ya mtoto wake au kwa ajili ya matairi ya watu? Mwasiti akamuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Kwa nini asubuhi hapandi bajaji kama anavyopanda jioni, akalipa elfu moja na mia tano kama wenzake wote wa kijiji chao cha Ikolo?

Kisa akainama kwenye ungo wake. Mwasiti akachukulia kwamba ni ujeuri.

Kumbe jibu lilikuwepo, ila halikuwa la kumwambia mtu wa pwani asubuhi asubuhi. Bajaji ya Athuman iliyoondoka Ikolo saa kumi na mbili, ile moja ya kumfikisha mtu mjini kabla ya geti kufungwa, ilikuwa na abiria wake wa kila siku: Mzee Asajile, baba mkwe wa Kisa. Mzee alijikata na jembe mwezi wa pili, mguu ukafanya kidonda, na kila asubuhi alikwenda mjini kusafishwa na kufungwa bandeji.

Na kwa Wanyakyusa mkamwana hakai na baba mkwe. Hamtazami usoni, hali naye, hataji jina lake. Wakikutana njiani mwanamke anachepuka kwenye migomba mpaka mkwe apite. Huko ndiko kumtila mkwe, yaani kumwogopa kwa heshima. Siku hizi wapo waliolegeza, wanapeana mikono kanisani na picha wanapiga pamoja. Nyumba ya Mzee Asajile haikulegeza. Miaka tisa Kisa ameolewa pale, mumewe Eliud yuko Chunya anatafuta dhahabu ambayo haijawahi kumfikia mkewe, na katika miaka hiyo yote hakuna siku Kisa alisimama mbele ya mzee yule. Akisikia kikohozi chake, anazunguka nyuma ya nyumba. Sasa huyo ndiye akabanane naye kiti kimoja, goti kwa goti, mpaka mjini?

Kwa hiyo alilipa bodaboda, siku baada ya siku, na hakumwambia mtu kwamba anachokilipia ni heshima.

Jioni ile alipiga hesabu akipika. Nelson amekataa. Kwenda kwa miguu kwenye tope ni saa mbili na nusu. Ilibaki bajaji ya kwanza, safari ya saa kumi na moja alfajiri, ambayo Athuman aliwapakia akina mama wa ndizi kabla ya kurudi kuchukua watu wa saa kumi na mbili. Kisa alikuwa akiikwepa kwa sababu ya Tumaini, mtoto wake wa miaka saba, asimwache peke yake gizani. Akamwamsha saa kumi ya alfajiri, akambeba na usingizi wake mpaka kwa bibi yake Lusungu, akampitisha mlango wa nyuma. Mama mkwe akampokea mjukuu bila maswali mengi. Alitaka kusema jambo, lakini Kisa alikuwa ameshaondoka mbio.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mzee Asajile, jana yake kabla hajatoka, alikuwa amesikia ugomvi wote wa Nelson kupitia kwenye uzio. Akamuuliza mkewe kwa nini mkamwana analipa elfu nne wakati bajaji ipo. Lusungu akamwambia ukweli. Mzee akasema kuanzia kesho yeye ataondoka na safari ya kwanza, ile ya saa kumi na mbili amwachie mkamwana. Na ili wasigongane hata kituoni, akatoka mapema akachechemea mpaka mbele, kwenye daraja dogo, akangoja kule.

Kila mmoja alikuwa anamkimbia mwenzake kwa heshima zote, na wote wawili wakakimbilia kwenye bajaji ileile.

Kisa alipanda kituoni. Turubai lilikuwa limeshushwa pande zote, mvua inapiga. Nyuma walikuwa yeye na mama mmoja mwenye mikungu ya ndizi iliyojaa mpaka mbele kwa dereva. Athuman alilalamika njia nzima kwamba maji ya darajani yanapanda, akishavuka safari hii harudi Ikolo tena mpaka yashuke. Kisa akashukuru moyoni. Angelala tu dakika tano zaidi, Veronika angekuwa na mkeka.

Darajani bajaji ikasimama. Turubai likafunuliwa, na kitu cha kwanza kuingia kilikuwa fimbo yenye kipande cha tairi mwishoni. Kisa aliijua fimbo ile kuliko alivyoijua sura ya mwenye fimbo. Akavuta kanga mpaka puani, akageukia upande wa pili. Mtu wa nje naye akawa ameona kanga, na miguu, na kikapu kilichosukwa na mke wake mwenyewe. Fimbo ikarudi nje.

Athuman akamwambia mzee apande, maji yale hayamsubiri mtu. Mzee akajibu kwamba amesahau cheti cha hospitali. Athuman akacheka, akamwonyesha kwamba cheti si hicho kimechungulia mfukoni?

Kisa alijua zamu ya kushuka ni ya nani. Mdogo ndiye anayempisha mkubwa, mzima ndiye anayempisha mgonjwa. Akaweka mguu mmoja chini, tope likauchukua mpaka kwenye kifundo. Akaona geti la Mwasiti linafungwa. Akamwona Veronika anakunja gauni, anaketi. Mguu ule haukwenda mbele wala haukurudi nyuma.

Mzee Asajile alikuwa ameshawapa mgongo. Akaongea kuelekea kwenye giza, kama mtu anayeongea na mvua.

"Dereva, endesha. Mwenye kazi asichelewe."

Bajaji ikavuka, maji yakipiga sakafu. Nyuma yao akabaki mzee wa miaka sabini na mguu uliooza nusu, kwenye mvua, nusu saa kutoka kwake.

Kisa hakusubiri wafike mbali. Akatoa simu chini ya kanga, akampigia Nelson, ambaye pikipiki yake ilipita njia ya juu, kwenye kivuko cha magogo. Akamwambia amfuate mzee darajani, amfikishe hospitali, na amwandikie yeye hiyo nauli.

"Unadaiwa sita," Nelson alisema, sauti bado ina usingizi. "Nikuongezee nne juu yake?"

"Ongeza. Na ukikataa, kidonda kikimmaliza utapita mbele ya msiba ule kila siku na hiyo pikipiki yako."

Simu ikakatika. Salio lilikuwa limeisha, na Kisa hakujua kama amekubaliwa au ametukanwa.

Alifika getini saa kumi na mbili kasoro, wa kwanza kabisa. Aliketi kwenye mkeka wake na hakuna aliyemsogeza. Lakini siku nzima mikono yake ilikuwa inatupa mchele mzima na kubakiza chuya. Kila mlio wa pikipiki barabarani ulimnyanyua shingo. Mwasiti alipita, akachota kiganja kimoja kutoka kwenye ungo wake, akakitazama, akamwambia kwamba leo amewahi lakini macho ameyasahau kwao. Kisa akaumwaga ungo wote, akaanza upya. Salio la kupiga simu hakuwa nalo, wala hakuthubutu kumwambia mwenzake yeyote kwamba amemwacha mkwe wake kwenye mvua ili yeye akachambue mchele.

Jioni alipofika nyumbani hakuingia. Alisimama kwenye uzio, upande wa mama mkwe, akasikiliza. Akasikia kikohozi. Hakuwahi kufurahia kikohozi kile maishani mwake kama jioni ile.

Lusungu akatoka na Tumaini mkononi. Alisema Nelson alifika darajani, mzee akafungwa bandeji mpya, kidonda hakikuingia tope. Kisha akasema mzee ana ujumbe, na akausema polepole, kama alivyopewa.

"Amesema Athuman aache kupakia ndizi mbele. Yeye atakaa mbele na dereva, atatazama barabara. Wewe ukae nyuma, utazame unakotaka. Hatageuka."

"Na wewe mama unasemaje?"

"Mimi nasema mgongo si uso," Lusungu alisema. "Kalale, una safari."

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imepungua na bajaji ya saa kumi na mbili ilikuwepo. Mzee Asajile alikuwa ameshakaa mbele, fimbo katikati ya magoti, shingo imesimama kama ya mtu anayepigwa picha. Kisa akapanda nyuma, kanga usoni. Njia nzima hakuna aliyekohoa. Alilipa elfu moja na mia tano, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alishuka mjini akiwa na pesa ya unga.

Jumamosi Mwasiti alitoa malipo ya wiki. Kisa akashukia kituoni Ikolo, akamfuata Nelson alipokuwa anafuta pikipiki yake, akamhesabia elfu kumi mkononi: sita za zamani, nne za mzee. Nelson akazihesabu tena, akachukua sita, akamrudishia nne.

"Hizi sizidai. Mzee alinilipa palepale hospitali. Nikamwambia zimeshaandikwa kwako, karibu anipige fimbo. Alisema nikimbeba kwa hela ya mkamwana, ni sawa na kumkalisha naye kiti kimoja."

Kisa akashikwa na kicheko, akakimeza, akazifunga zile elfu nne kwenye pindo la kanga.

"Ndaga, Nelson," akamshukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Hatudaiani tena, mama Tumaini," alisema, akarudi kufuta kile kiti kilichochanika.