Chetezo cha Bibi Kule Perth

Laiti nisingeitikia. Jirani yangu wa chini hapa London hufukiza udi kila Alhamisi, na moshi wake ukipanda ngazi hadi mlangoni kwangu, hasira hunishika upya, kana kwamba nimo bado katika chumba kile cha Perth, nina miaka kumi na miwili, na watu wazima watatu wananitazama.

Tulikimbilia London baada ya Mapinduzi, baba, mimi na bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa karani Unguja. Siku moja aliitwa usaili wa kazi huko Perth, Uskochi, akatuchukua sote tukauone mji. Ulikuwa mji wa kale kweli: nyumba za mawe, daraja la matao, na mto Tay mpana, maji yake rangi ya chai isiyo na maziwa. Kwenye nyumba ya wageni tulikuwa tumeambiwa kuoga ni mara moja kwa wiki. Bibi alisimama darajani akacheka. "Maji yote haya, na wenyewe hawaogi!"

Chumba chetu kilinuka mbwa na zulia bichi. Kwetu hulali chumba cha ugenini bila kukifukiza. Bibi akatoa chetezo chake cha udongo kwenye furushi, akashuka sebuleni, akachota makaa kwenye meko ya kuotea moto, akapanda nayo chumbani, akatia udi. Hakujua kwamba yale ni makaa ya mawe, si ya miti. Nyumba nzima ikajaa moshi mweusi.

Mwenye nyumba alipanda akifoka. Tutoke sote, na mvua ile! Baba, usaili wake ukiwa kesho asubuhi, alimjibu kwa Kiingereza chake safi kwamba yule mwanamke ni mtumishi wetu tu, hajui kitu. Mama yake mzazi! Mwenye nyumba hakuamini. Akaniinamia mimi.

"Ni kweli, kijana?"

Baba alinikazia macho.

"Kweli, mama," nikasema.

Akamsukumia bibi ndoo na tambara, akamwonyesha masizi ukutani. Bibi hakujua Kiingereza, lakini ndoo aliijua. Alimtazama baba, akanitazama mimi. Kisha akapiga magoti, yeye ambaye nusu ya mtaa wetu wa Mkunazini kule Unguja walimbusu mkono.

"Bibi, nikusaidie?" nilimnong'oneza.

"Hasha, bwana mdogo. Utajichafua."

Nilidhani ananitania. Nilidhani nimetuokoa na mvua, na kwamba kesho yatakuwa yamekwisha.

Baba namkasirikia hadi leo, yumo kaburini, maana hata hiyo kazi hakuipata. Yule mwenye nyumba namkasirikia. Lakini baba hakunishika ulimi. Ningeweza kusema, "Huyu ni bibi yangu," tukalala kituo cha treni na mabegi yetu, basi.

Tuliporudi London, bibi alihamia kwa shangazi, mtaa wa Tooting. Kila nilipomwamkia, aliniitikia "bwana mdogo", kwa adabu kamili, kama anavyoitikia mtumishi. Miaka ikapita. Alipozidiwa nilikwenda, nikamshika miguu, nikamwomba radhi. Akafumbua macho, akamwambia shangazi:

"Bwana mdogo kaja. Mpe kiti."

Nilikaa kwenye kiti kile siku mbili. Bibi akafariki bila kunipa radhi, wala hakuniita tena mjukuu wake.