Miezi Minne Natokea Dirishani

Wajukuu wa mtandaoni, chekeni kidogo kidogo. Bibi yenu nina miezi minne natoka nyumbani kwangu kwa kupitia dirishani.

Nilikwenda kliniki kupima presha. Kurudi, nakuta ukuta mbele ya mlango wangu. Mlango unafunguka kiasi cha kupitisha mkono tu.

Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, anajifuta saruji.

"Shemeji, hii nini?"

"Uwanja wangu huu. Ukibanwa, hama."

Nikaweka stuli ndani, ndoo nje. Miaka sitini na nane, napanda dirisha kama mwizi! Mtaa ukaniita Bibi Dirisha. Nikiwasha jiko tu, roho juu. Moto ukishika, natokaje?

Nikaenda mahakamani. Karani hata macho hakuinua.

"Bibi, njoo na wakili."

Nitamtoa wapi? Darasa la tatu niliishia, hayo hatukufika. Basi kila Jumatatu nakaa kwenye benchi la korido, nikidhani iko siku nitaitwa.

Wiki tisa!

Mfagizi akachoka kunizunguka na ufagio. "Bibi, unamsubiri nani?"

"Wakili wa sisi tusio na kitu."

"Sasa si umeegemea mlango wake!"

Nikageuka. Kibandiko kipo, kidogo, kwa lugha ya wasomi.

Ndani yumo binti, msaidizi wa kisheria. Bure kabisa! Akaniandikia madai, akaomba hakimu aje ajionee.

Hakimu akaja na karani yuleyule. Shemeji akawahi: "Mheshimiwa, mlango anao. Anajitia tu."

"Mama, tunaingilia wapi?"

"Hapa, baba. Tanguliza mguu wa kushoto."

Kitambi cha mheshimiwa kikagoma. Nusu ndani, nusu nje. Shemeji akaangua kicheko, akacheka peke yake.

Hakimu, palepale alipobanwa, akamgeukia karani. "Andika. Mlango hakuna."

Hukumu ikampa shemeji siku kumi na nne abomoe. Leo ni ya tisa. Ukuta bado umesimama, eti anatafuta fundi. Siku ile ya kujenga fundi alipatikana asubuhi moja! Binti kasema zikiisha, anakuja na watu wa mahakama wenye nyundo. Mimi bado napanda stuli.

Wajukuu, mkifika mahakamani msikae kimya mkidhani ndiyo adabu. Ulizeni nani anasaidia bure.

Karani akikunja uso, muulizeni mfagizi.