Programu Iliyomutukana Mama Viviane

Miye Casimir, miaka makumi ine na sita, karani wa biro ya samaki hapa Kalemie, nilikuwa najiona mujanja. Shefu alituambia wazi: atakayeshinda kozi ya kutengeneza programu atabaki biro kwenye ordinatere, ile kompyuta, atakayeanguka atarudi kupima magunia ya ndakala, wale samaki wadogo wakavu, bandarini, kwa jua kali. Na miye mwaka uliopita nilikuwa nimeanguka tayari.

Mwalimu wetu, Mama Viviane, anakaa Lubumbashi. Kazi tunamutumia kwa internet. Programu yangu ilikuwa ya kuuliza uzito wa gunia na kuhesabu bei. Lakini kila nikiijaribu, nilikuwa naandika "kilo makumi tatu" kwa maneno, na yenyewe inataka namba tu. Nikakasirika, nikaifundisha kunijibu. Ukikosea mara ya kwanza: "Mujinga weye, nilisema namba!" Mara ya pili: "Nani alikufundisha weye?" Nilijitukana mwenyewe, na ilinisaidia kabisa.

Siku ya mwisho ya kutuma kazi, rezo ya internet ya nyumbani ikagoma. Nikakumbatia ordinatere yangu, nikapanda nayo kilima, nikatuma zikibaki dakika tano. Nikarudi kifua mbele, nikaitisha bukari, ugali wetu.

"Papa Laure," akaniuliza bibi yangu Odile kwa jina la mutoto wetu, yeye aliyekuwa anacheka kila programu ikinitukana, "yale matusi uliyaondoa?"

Yesu wangu! Nikaacha bukari kwenye sahani. Nikakimbia tena kilimani, lakini saa ya kutuma ilikuwa imepita na hakuna tena namna ya kubadilisha. Siku tatu nikawa naangalia yale magunia ya bandarini namna muntu anavyoangalia nyumba atakayohamia.

Siku ya ine jibu likafika.

"Papa Casimir, niliandika uzito kwa maneno, makusudi. Programu yako ikaniita mujinga. Nikarudia, ikaniuliza nani alinifundisha. Programu za wenzako zote zilizimika tu. Yako peke yake njo ilijua kama nimekosea. Kumi na ine juu ya makumi mbili, umeshinda. Mwalimu wangu alishakufa, mwache apumzike. Weye, ni miye niliyekufundisha, na nangoja musamaha."

Nilimuomba musamaha siku ileile, nikaona haya mpaka kwenye vidole. Biro nimebaki nayo. Yale maneno nimeyatoa kwenye programu, lakini Odile ameyachukua. Nikizidisha chumvi kwa samaki tu, utamusikia: "Nani alikufundisha weye?"

Namujibu kwa heshima yote: Mama Viviane.