Watu Ishirini na Watatu wa Dona Lurdes

Dona Lurdes Wollmann anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, mkabala na yangu, hapa Foz, upande wetu wa Brazili. Kwenye makaratasi, humo ndani wanaishi watu ishirini na watatu.

Ndugu zake wote walivuka mto miaka ya sabini kwenda kulima soya Paragwai, wakazaana huko. Yeye alibaki, akashona sare za shule mpaka macho yakachoka. Watu wetu wa ng'ambo wana matrekta na wana makanisa, lakini mimba ikikomaa wanataka kujifungulia huku, hospitali ya bure, mtoto aandikishwe Mbrazili. Hospitali nayo inataka kuona bili ya umeme ijue unakaa wapi. Basi wanaazima ya Lurdes, na majina yao yanaandikwa kwenye anwani yake. Alianza na mdogo wake, wakafuata watoto wa ndugu, kisha majirani wa watoto wa ndugu. Mimi nilikuwa namtania: "Jirani, nyumba imejaa, hata paka hana pa kulala." Anacheka, anakwenda kutoa kopi nyingine.

Jumanne ile nilikuwa kwake tunakunywa kahawa, na kahawa yenyewe haishuki. Roho yake ilikuwa juu tangu alfajiri. Cleonice, binti wa kaka yake, mimba ya miezi minane, miguu ilikuwa imemvimba na kichwa kinamgonga. Alikuwa njiani na mumewe, wamekwama kwenye foleni ya Daraja la Urafiki, pale mpakani. Wangepita kuchukua bili, kisha moja kwa moja hospitali.

Mlango ukagongwa. Hakuwa Cleonice. Alikuwa Jucimara, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, na faili lake kifuani.

"Dona Lurdes, leo nahesabu watu. Hapa kwako nina ishirini na watatu. Watano wajawazito. Wako wapi?"

"Wametoka."

"Wote?"

"Wamekwenda kanisani."

"Jumanne?"

Nikainamia kikombe changu. Siku nyingine ningecheka mpaka mbavu ziniume. Siku ile kijasho chembamba kilinitoka.

Jucimara si mtu mbaya, na upole wake ndio uliotutisha. Akaeleza kwamba ofisi imeshtuka. Jina lisilo na mtu linafutwa siku hiyo hiyo, na hospitali wanaona kwamba limefutwa.

"Basi nitawasubiri," akasema, akavuta kiti. "Mtu na kwake, lazima atarudi."

Tukakaa. Lurdes alikunja aproni yake, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi nilikuwa nahesabu magari yanayopita barabarani, namwomba Mungu Cleonice afike, na papo hapo namwomba asifike.

Alifika saa tano. Alishuka akijishikilia kwenye mlango wa gari, uso umevimba. Mbwa wa Lurdes akambwekea kama aliyeona mwizi. Geti la Lurdes huvutwa. Cleonice akawa anasukuma.

"Huyu anakaa hapa?" Jucimara akauliza.

"Anakaa," Lurdes akajibu.

"Mbwa hajaambiwa."

Hakuna aliyecheka. Cleonice aliingia, akashika ukuta. "Shangazi," akasema, "naona nyota nyota. Bili iko wapi?"

Jucimara akaweka faili chini. Alimkalisha, akamfunga kipimo cha presha mkononi, akasoma, akapima mara ya pili. Mia na sabini kwa mia na kumi. Sikumwona tena yule mhesabu watu. Akapiga simu kuita gari la wagonjwa, na kwa jinsi chumba kilivyokuwa kimya nilimsikia mtu wa upande wa pili akiuliza mgonjwa anaishi wapi.

Jucimara akamtazama Lurdes.

"Anaishi hapa hapa," akasema, akawasomea namba ya nyumba. "Nimemkuta nyumbani kwake."

Gari lilipoondoka na Cleonice na mumewe, Jucimara alichukua kalamu, akakata majina ishirini na moja, taratibu, moja baada ya jingine. "Huyo mmoja nimemwona kwa macho yangu, Dona Lurdes. Wengine siwezi. Na mimi nina watoto wa kulisha."

"Mwingine akija?"

"Asije na anwani hii."

Saa nane mume wa Cleonice akapiga simu. Mtoto wa kike, kilo mbili, mama amepasuliwa lakini yuko salama. Lurdes alinikumbatia akilia, nami nikalia. Hatujafuta machozi, simu ikalia tena. Sauti ya msichana, inahema, nyuma yake honi za darajani.

"Shangazi, hunijui. Mimi ni jirani yake Cleonice. Chupa imepasuka. Niambie ni nyumba namba ngapi."

Lurdes akaiziba simu kwa kiganja. Aliangalia dirishani, ng'ambo ya barabara, nyumbani kwangu. Nikafikiria kipensheni changu, nikamfikiria Jucimara getini kwangu na faili lake.

"Muulize jina lake kamili," nikamwambia, "nijue nani anakaa kwangu."