Siku ya Kwanza Msafara Hulala Karibu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipozunguka angani juu ya Tabora karibu saa tatu nzima, nikimngoja mwenzangu aondoke, naye akiningoja mimi. Usicheke bado. Utacheka mbele ya safari, na mimi nitacheka nawe, maana siku hizi naweza.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, vijiji vya Ujamaa ndiyo kwanza vinaanza. Mimi nilikuwa fundi kijana kwenye karakana ya reli. Bwana Rajabali, mwenye duka la vitambaa pale Gongoni, alikuwa amenunua ndege tatu za mbao kutoka kwa wazungu waliokuwa wakifunga virago. Ndege zenyewe hazikuwa na injini. Kila moja ilivutwa kwa waya mrefu nyuma ya Landrova, ikishapanda unaachia waya, halafu unabaki wewe na Mungu wako. Ukitaka kukaa juu sharti uitafute hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Sisi tuliiita ngazi. Ukiipata unazunguka ndani yake kama tai, inakuinua, ukiikosa unashuka. Watu wa mjini waliziita ndege zile mwewe, na Jumapili walijaa kiwanjani kututazama.

Tulikuwa watatu tulioiva. Mimi, Petro, rafiki yangu tangu utoto, mtoto wa katekista, na Zainabu, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye suruali yake ilisemwa mjini kuliko bei ya sukari. Bwana Rajabali akatangaza kwamba amepata nafasi moja, moja tu, ya kwenda Nairobi kusomea ualimu wa kuruka. Itaamuliwa kwa mashindano: kutoka Tabora hadi stesheni ya Bukene, uipige picha kutoka juu kuwa ushahidi, kisha urudi. Kwa miguu, kwenda na kurudi, ni mwendo wa siku sita. Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimeshaazima sanduku la bati na kumwambia mama anifulie mashati.

Sasa sikiliza sheria yake, kwa sababu hapo ndipo nilipojikwaa. Bwana Rajabali alitandika jora la merikani nyeupe chini kiwanjani, likawa mstari wa kuondokea. Mstari ulifunguliwa saa tano na kufungwa saa nane. Katikati hapo uvuke unapotaka. Ukivuka juu yake tu, saa yako inaanza kuhesabu. Mshindi si wa kwanza kurudi, ni yule aliyetumia dakika chache kuliko wenzake. Tena, ukiona umeondoka vibaya, ruksa kurudi na kuvuka upya, na saa ya mwanzo inafutwa.

Ujanja ulikuwa kwenye kuchagua saa. Ukiondoka mapema mno, ngazi bado dhaifu. Ukichelewa, jua linapoa kabla hujarudi. Na kuna jambo la tatu, ndilo lililotuponza: anayetangulia huzitafuta ngazi gizani, anayefuata huziona. Mwenzako akianza kuinuka kule mbele, wewe unakwenda moja kwa moja pale pale, hupotezi dakika. Basi nikajiambia, Petro atangulie, nimfuate nyuma. Sikujua kwamba Petro naye alikuwa amejiambia hivyo hivyo kuhusu mimi.

Saa tano na nusu Zainabu akavuka mstari peke yake. Hakufika mbali. Hewa ilikuwa imelala, akashuka, akashuka, akageuza na kurudi kiwanjani akikaribia kugusa miti. Akatua. Watu wakamcheka sana, na mimi huko juu nilicheka hadi machozi yakanitoka. Landrova ikamvuta tena. Saa sita na nusu, vilipotokea vijiwingu vidogo upande wa kaskazini, akavuka mara ya pili, tena peke yake. Nikasema moyoni, huyo atarudi tena.

Hakurudi. Nami na Petro tukaendelea kuzunguka, mabawa karibu yagusane, kila mmoja akimchungulia mwenziwe. Mara mbili nilijifanya naondoka ili Petro anifuate kisha anipite. Akabaki pale pale akinipungia mkono. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini nani anaikumbuka methali akiwa anajiona mjanja? Tulivuka mstari pamoja, dakika chache kabla ya saa nane, kwa sababu hatukuwa na la kufanya tena.

Petro alianguka njiani, si kuumia, ni kutua tu porini. Mimi nilijikokota hadi karibu na Bukene, nikaiona reli inang'aa kwa mbali, na hewa ikanifia mikononi. Nikatua kwenye shamba la kijiji. Mwenyekiti wao akaja na kundi la watu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiitazama ndege.

"Una bahati, kijana," akasema. "Shamba hili lilitakiwa liwe na matuta tangu juma lililopita. Kila mtu anangoja kuona jembe la mwenzake."

Wanakijiji wakacheka, nikacheka nao kwa nje. Walinipa ugali wa mtama na mlenda, wakanitandikia ngozi. Kwa ndani niliumia, mwanangu. Nilijua kwamba wakati huo Zainabu alikuwa ameshatua Tabora akiwa na picha yake, na kwamba lile sanduku nitalirudisha kwa mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nilimkuta babu yangu. Mzee huyo ujanani mwake alibeba mizigo kwenye misafara ya pwani. Bega lake la kushoto lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Siku ya mashindano alikuwa kiwanjani, amekaa kando ya lile jora la merikani. Alisema kitambaa kama hicho ndicho alichokibeba kutoka Bagamoyo, akataka kukishika tena.

Nikamlalamikia. Nikasema Petro ameniponza. Akaniacha nimalize.

"Wewe sheria ilikuruhusu kurudi?" akauliza.

"Iliniruhusu, babu."

"Mbona hukuondoka, ukaona njia, ukarudi?"

Nikamwambia kweli: niliogopa kuchekwa kama Zainabu.

"Mjukuu wangu," akasema, "sisi tulitoka mjini kwa ngoma na bendera, wanawake wanapiga vigelegele. Na siku hiyo hiyo tunalala karibu, mahali ambapo moshi wa mji unauona. Unajua kwa nini? Aliyesahau chungu akakifuate. Mzigo unaochuna bega ufungwe upya. Hakuna aliyemcheka mtu kwa kurudi siku ya kwanza. Tulimcheka yule aliyeona haya kurudi, akafika porini hana chungu."

Maneno yale yaliniuma, halafu yakanitibu, kama dawa ya kidonda.

Kiangazi kilichofuata Zainabu alirudi kutoka Nairobi, sasa yeye ndiye mwalimu wetu, na nafasi nyingine moja ikapatikana. Mstari ulipofunguliwa niliondoka kabla ya Petro. Hewa mbovu, nikarudi. Nikaondoka tena, nikafika bonde la kwanza, nikarudi, nikatua. Watu wakaanza kuniimbia. Babu, aliyekuwa amekaa pale pale kando ya merikani, akainuka na fimbo yake.

"Nyamazeni," akawaambia. "Anafunga mzigo upya."

Mara ya tatu sikurudi mpaka nilipoipiga picha stesheni ya Bukene. Petro alikuja kunipokea kiwanjani. Alikuwa amevuka saa nane kasoro, kwa mazoea, akakosa ngazi na kurudi mapema. Sanduku la bati nililiazima tena, na safari hii lilifika Nairobi.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu. Nakuona wewe na wenzako mnavyozunguka, kila mmoja na shughuli yake kichwani, mkichunguliana nani aanze ili wengine mwone kama atazama. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Chagua saa yako kwa kulitazama anga, usiichague kwa kumtazama jirani. Ondoka. Ukikuta hewa imelala, rudi mchana kweupe watu wakikuona, funga mzigo wako, vuka tena. Na ukimwona mwenzako anarudi, usimcheke kama nilivyocheka mimi. Mkamatie bawa, msaidie kupanda.

Mungu akuinue penye ngazi, akushushe taratibu penye shamba laini, na kila utakaporudi akuwekee mtu mmoja kando ya mstari wa kuwanyamazisha wengine. Nikiwa hai, nitakuwa mimi.