Kompyuta ya Mama wa Kwaya

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa kompyuta huko Bofu, alipoingia mama mmoja amekumbatia laptopu iliyofungwa kwa leso. Alikuwa ameirekodi kwaya ya kanisa lao, picha na sauti, lakini kila akianza kuziunganisha, mashine inaganda.

"Fundi, wenzako wawili wameniambia ninunue nyingine," alisema. "Uwezo huo sina. Na Jumapili kwaya yataka kujiona."

Fundi, mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, alifungua skrubu moja moja, akachungulia ndani, kisha akacheka peke yake.

"Njoo utazame, mama. RAM iliyomo, yaani kipande cha kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni moja tu, ndiyo maana kazi nzito yaishinda. Na hapa pembeni pana nafasi ya pili, tupu! Haijatiwa kitu tangu itoke kiwandani."

Akachomoa RAM ya aina ileile kwenye laptopu kuukuu iliyovunjika kioo, akaipachika, akaibonyeza mpaka ikalia ka!

Mama akawasha, akafungua video yake. Ngoma ikaingia, sauti za wanawake zikafuata, midomo na maneno vikaenda pamoja bila kukwama. Mama alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni sisi hao! Kumbe twaimba vizuri hivi!"

Akapiga kigelegele, na sisi wateja tukakipokea, hata yule aliyekuwa akinung'unika kwamba foleni haisongi.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kitu changu kimezeeka, humwuliza kwanza kama amekifungua.