Koti la Mwanafalsafa

Mtaani walimwita Bi Sindano, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya kukanyaga dirishani, meza ya kukatia iliyochafuka chaki, na kioo kirefu ambamo wateja walijitazama kiubavu huku wamebana matumbo. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa vitabu. Aliandika vitatu vyembamba kuhusu namna binadamu anavyopaswa kuishi na mwenzake, vikaingia shuleni, na tangu hapo watu wakamwita Mwanafalsafa. Bi Sindano alisoma kimoja hadi mwisho. Viwili vilivyobaki vilimpa usingizi mnono, naye alimwambia mumewe hivyo hivyo, bila kupepesa macho.

"Afadhali vimefaa kitu," mume akamjibu.

Tangu afariki, chuo alikofundisha kilifanya siku ya kumkumbuka kila mwaka. Bi Sindano alipelekewa gari, akakalishwa safu ya mbele, akapewa ua la kushika. Wasemaji wakapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa kwanza walisema alikuwa mtu mwema. Wa pili, alikuwa mnyenyekevu kupita kiasi. Chumvi ikazidi kutiwa, hata baada ya miaka michache marehemu akawa mtu asiyelala, asiyekula, asiyejua hasira. Kwa jinsi walivyomweleza alikuwa ameongezeka hata kimo, ilhali mtu mwenyewe alihitaji kigoda kufikia rafu ya juu.

"Wifi," Bi Sindano alimnong'oneza dada ya marehemu, "huyu wanayemsema ni nani? Mbona mimi sikuolewa naye?"

Wifi yake akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka. Waliokaa nyuma wakadhani analia.

Basi ikatokea mwaka mmoja kwamba mwenyekiti wa kamati akaja nyumbani mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wa marehemu zamani, sasa naye ni msomi mwenye mvi na mikono mirefu isiyoenea shati lolote.

"Mama, safari hii tunafungua chumba cha kumbukumbu," alisema. "Kalamu yake tunayo, miwani tunayo. Limebaki koti tu."

"Koti gani, mwanangu?"

"Lile la kahawia. Lile la kwenye picha."

Picha hiyo ilikuwa nyuma ya vitabu vyote vitatu, kila aliyepita shule aliijua. Bi Sindano aliweka mkasi chini.

"Lile halipo."

"Limeibwa?"

"Nimelikata. Sufu nzuri kama ile niiache iliwe na nondo? Mgongo umetoa kizibao cha mkwe wangu. Mikono nimemshonea wifi yangu mkoba. Mabaki nikatengeneza vishikio vya sufuria, na kimoja kimeshaungua."

Mwenyekiti akajitupa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, kisha akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alikuwa amekalia pini.

"Mama, mialiko imeshatoka," alisema huku akijisugua. "Watu wanatoka mbali kuja kuliona hilo koti." Akatazama cherehani. "Lile la kwanza, si wewe uliyelishona?"

"Mimi."

"Basi shona jingine. Mkono ni ule ule. Si uongo sana."

"Uongo hauna sana wala kidogo," alisema Bi Sindano. Lakini fundi ni fundi: vidole vilikuwa vimeshaanza kumwasha. Akamwambia alete kitambaa.

Hakuhitaji vipimo. Bega la kushoto alilishusha kidogo, kwa sababu mumewe alibeba mfuko wa vitabu upande huo maisha yake yote. Mfuko wa kulia aliufanya wa kina, wa karanga. Ndani akatia kijimfuko cha ufunguo chenye kifungo, maana Mwanafalsafa aliweza kukueleza hatima ya binadamu lakini hakuweza kukueleza ufunguo wa nyumba ameuweka wapi. Akawa anashona huku anamsemesha: nyoosha mgongo, bwana, acha kupumua kama farasi. Alipofika kwenye mkono wa kulia, ambao siku zote aliukata mfupi kwa kuwa mtu huyo hakuandika bila kuuvuta juu, mguu wake ukasimama kwenye kikanyagio. Alikaa hivyo kitambo, kitambaa kimemlalia mapajani. Kisha akapenga kamasi, akatunga uzi upya, akaendelea. Mwishoni akaweka viraka viwikoni na kulisugua koti lote kwa jiwe ili lizeeke.

Siku ilipofika, koti lilisimamishwa katikati ya ukumbi, limezungushiwa kamba nyekundu. Watu walilisogelea kwa sauti za chini, kama walio wodini. Akaja mhubiri mmoja mashuhuri, mtu wa kitambi na sauti nzito, akafumba macho mbele yake.

"Bado nasikia harufu ya kiko chake," alisema.

Bi Sindano akamgeukia wifi yake. Kiko? Mumewe alikohoa hata kwa moshi wa mshumaa!

Mhubiri hajamaliza, mshairi mmoja akanyoosha kidole kwenye kiwiko. "Tazameni kiraka hiki! Kimechakaa akiwa ameegemea meza, akituwazia sisi."

"Kiraka hicho nimekishona Jumanne," alisema Bi Sindano.

Alidhani amesema moyoni. Kumbe ukumbi mzima umesikia. Mwenyekiti alimpungia mikono kutoka ukutani, kama mtu anayezuia lori lisirudi nyuma, lakini maji yalikwisha kumwagika. Bi Sindano akasimama.

"Jamani, nisameheni. Hilo koti ni jipya. Harufu mnayoisikia ni mafuta ya cherehani. Lile lenyewe nililikata, na mume wangu angenicheka kama ningeliacha litundikwe hapo bila kazi. Wifi, hebu waonyeshe."

Wifi hakuambiwa mara mbili. Alisimama juu ya kiti, na umri wake ule, akainua mkoba kama kombe la mpira. "Mikono yake hii hapa! Na ina zipu!"

Halafu mtu mmoja nyuma kabisa akapasuka, akafuata wa pili, ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mshairi alikuwa akitafuta mlango kwa macho. Mhubiri alinuna kidogo, kisha kitambi kikaanza kutikisika chenyewe.

"Basi pua yangu imenitia aibu," alisema. "Lakini hili ni la kweli, na walio hai wapo watakaoshuhudia. Huyu bwana alikuwa akija kwangu tubishane kuhusu Mungu. Siku moja alinibana kwa hoja mpaka nikamnyima chai. Akaenda jikoni, akajimiminia mwenyewe, akaniletea na mimi."

Hapo ndipo siku ilipoanza. Mmoja akakumbusha jinsi marehemu alivyokoroma kwenye vikao, kisha akiamka anapinga hoja iliyopita. Mwingine akasema alimwona akizunguka jengo zima ili asipite karibu na bata. Bi Sindano alisikiliza, na kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule akamwona mumewe vizuri, mfupi vile vile.

Wakati wa chai akafuatwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kupanga herufi kwenye kiwanda cha chapa.

"Mama, kile kitabu cha kwanza, pale mwanzoni si kuna ukurasa mweupe?"

"Upo. Nilidhani karatasi ilizidi."

"Haikuzidi. Aliniletea maneno ya kuweka pale. Nayakumbuka mpaka leo: 'Kwa mke wangu, ambaye bila yeye ningetembea uchi.' Wakubwa wakakataa, wakasema hiki ni kitabu cha watoto wa shule, abadilishe. Yeye akasema hana maneno mengine. Pakaachwa hivyo hivyo."

Bi Sindano alicheka kwanza. Kisha akaomba leso ya wifi yake, na safari hii leso ilifanya kazi iliyokusudiwa.

"Hebu rudia, baba," alisema.

Mzee akarudia, kwa sauti zaidi, maana wifi naye alikuwa ametega sikio.

Koti bado liko chuoni, na kibandiko chake kinasema limeshonwa na mkewe. Siku za kumkumbuka zinaendelea, ila hakuna tena wasemaji wa kupangwa. Mwenye neno anasimama. Mwaka jana alisimama dada mmoja muuza magazeti, akasema marehemu alikuwa akisoma kurasa zote pale pale kibandani, kisha anakunja gazeti vizuri na kumrudishia: "Leo hakuna habari, dada yangu." Bi Sindano alicheka mpaka akaletewa maji.